Kufuli la Plastiki

Filamu ilianza na mawingu.

Mzee Kufuli, fundi wa vitasa, alikuwa ameketi kwenye kiti chake, kile chenye mkono uliolegea, viganja amevilaza magotini kama mtu anayengoja kuitwa na daktari. Mawingu yakapita. Kinanda kikalia. Katikati ya mawingu ikatokea picha ya mkewe, ile ya kitambulisho, ambayo marehemu mwenyewe aliichukia maisha yake yote kwa sababu mpiga picha alimkataza kucheka. Picha ikawa kubwa, ikawa ndogo, ikazungukwa na nyota.

Ilikuwa Jumapili baada ya chakula cha mchana, miezi sita tangu wamzike. Sebule ilijaa. Binti mkubwa, karani wa mahakama, ndiye aliyesimamia shughuli yote, kwa kuwa yeye kila kitu hukisimamia. Wadogo zake wawili walibanana kwenye kochi. Wajukuu walikuwa sakafuni. Na mlangoni, kwenye kigoda, alikaa shemeji yake Kufuli, mdogo wa marehemu, mwanamke ambaye ulimi wake haukuwahi kulala njaa.

Mawingu yaliisha, zikaja siku zao. Wajukuu wakikimbizana uani. Paa likiezekwa upya. Harusi ya mtoto wa pili. Kufuli mwenyewe kwenye kibanda chake, tupa mkononi, akichonga ufunguo. Vyote vilikwenda polepole, kana kwamba watu wanatembea ndani ya maji. Picha moja ilifunuka kama ukurasa wa kitabu. Nyingine ilipasuka vipande vyenye umbo la moyo. Kinanda hakikupumzika.

Kufuli alitega sikio. Miaka arobaini na mitatu alikuwa akitega sikio kwenye vitasa, akisikiliza pini ndogo ikianguka mahali pake. Sikio lake halikuwa la kubahatisha. Aliingoja sauti aliyoijua. Dakika ishirini na mbili zikapita, mawingu yakarudi, picha ya kitambulisho ikarudi, filamu ikaisha. Watu wakapiga makofi. Wengine walipangusa macho.

"Mama yenu yuko wapi?" Kufuli aliuliza.

Makofi yakakoma. Hakuitwa Kufuli kwa sababu ya kazi yake peke yake. Mtu akipata kutoka kwake maneno matatu kwa siku, alijihesabu mgeni wa heshima.

"Si huyo, baba," alisema binti mkubwa. "Mwanzo na mwisho."

"Hiyo ni picha ya kitambulisho. Nauliza mama yenu."

"Mama ndiye aliyekuwa anashika kamera. Kwenye kanda zote kumi na moja hayumo. Tungemtoa wapi?"

"Yumo. Alikuwa anaongea."

Binti akashusha pumzi, ile pumzi ya kumfafanulia mtu mzima jambo la kitoto. "Baba, Dairekta wa studio alituambia ile sauti ya nyuma ya kamera inaharibu. Kila mahali inaingilia. Mtoto anacheza vizuri, sauti inasema toa kidole puani. Bibi harusi anaingia, sauti inasema gauni hilo limekatwa na kipofu. Akaifuta yote, akaweka muziki. Tulitaka iwe laini."

"Laini."

"Ndiyo, baba."

"Mama yenu mlimzika mara moja," Kufuli alisema. "Leo mmemzika tena, na safari hii mmempigia kinanda."

Kisha shemeji akajigeuza kwenye kigoda chake.

"Leo kufuli limefunguka bila ufunguo," alisema. "Na limefunguka pazuri. Dada yangu anyamaze dakika ishirini na mbili? Yule hata usingizini alikuwa anagombana na mtu."

"Mama mdogo, tafadhali," alisema binti.

"Tafadhali nini? Nimekuja kumsikia dada yangu, mmenionyesha mawingu. Mawingu nje yako tele."

Kufuli alikwisha kusimama. "Kanda ziko wapi?"

"Tulimwachia Dairekta. Ni za zamani, baba, hata mashine za kuzichezea siku hizi ni za kutafuta kwa tochi. Alisema atazitupa kwa niaba yetu."

Kufuli akageuka. Aliingia chumbani akakaa ukingoni mwa kitanda, upande wake, hadi wageni walipoondoka.

* * *

Kamera ile aliichagua marehemu, na aliichagua kama alivyochagua kitambaa, kwa kukifikicha kwanza.

Alikuwa fundi cherehani. Watu walimwita Mama Pindo, maana akiona pindo la nguo limefumuka, hata la mtu asiyemjua, alimsimamisha papo hapo njiani, akachomoa sindano iliyokaa daima kwenye ukosi wake, akashona, akakata uzi kwa meno, akamruhusu aende. Mjukuu wa kwanza alipokaribia kuzaliwa alimwambia mumewe, "Mzee, tutafute kamera ya video. Hawa wa kwetu hatukuwapiga hata picha, wamekua tukiwa tumeinama kazini." Wakavaa, wakaenda duka la vyombo vya umeme.

Muuzaji alivaa tai. Alileta likamera la kuwekwa begani.

"Hii, mama, inavuta picha karibu ajabu. Unamwona sisimizi wa ng'ambo ya barabara."

"Sisimizi wa ng'ambo ya barabara si mjukuu wangu," Mama Pindo alisema. "Ina uzito gani?"

Aliiinua hadi jichoni, akakaa nayo kwa muda wa kuunga mkono mmoja wa shati. Muuzaji akakohoa. Mkono ukaanza kucheza. Akaiweka chini. Akataka zile ndogo, zenye mkanda wa kupitishia kiganja. Akachagua tatu, akamwambia muuzaji amwonyeshe stoo.

"Stoo, mama?"

"Kwangu taa ni moja na dari iko chini. Hapa dukani umewasha taa ishirini, hata mwizi anapendeza. Twende stoo. Simama pale kwenye maboksi. Sema jina la mama yako mzazi."

Muuzaji alisema jina la mama yake mara tatu, kwa kila kamera mara moja. Mama Pindo akatazama, akasikiliza. Kwenye ya kwanza uso ulikuwa chengachenga. Ya pili ilitoa uso safi, lakini sauti kama ya mtu aliyefunikwa ndoo. Ya tatu ilitoa uso wa kuridhisha tu, na sauti iliyokaa karibu, hata funguo zilizokuwa mfukoni mwa muuzaji zilisikika. Kufuli alinyanyua kichwa aliposikia zile funguo.

"Hii," alisema Mama Pindo.

"Hiyo ndiyo ya chini kuliko zote, mama. Picha yake si kali."

"Sura ya mtu naikumbuka mwenyewe. Sauti ndiyo hutoroka."

Muuzaji akasalimu amri, akaanza kufunga mzigo. Akawaonyesha kanda, kitu kidogo cha kutosha kiganjani. "Hapa ubavuni kuna kijiti. Ukikisukuma huku, kanda imejifunga, mtu hawezi kurekodi juu yake kwa bahati mbaya. Ukikirudisha, iko wazi. Ukimaliza kanda, funga."

Mama Pindo akacheka. "Hiyo kazi ni ya mzee wangu. Mimi napiga, yeye anafunga."

Kufuli aliichukua, akasukuma kijiti kwa ukucha. Kikalia tik. Akakirudisha. Tik. Akamrudishia muuzaji kanda.

"Kufuli la plastiki si kufuli," alisema. Ndilo neno lake pekee siku ile.

Toka hapo Mama Pindo alipiga picha kama alivyoshona. Alikuwa na kanuni moja, akiwaambia hata watoto walioomba kushika kamera. Anza kabla ya jambo, maliza baada ya jambo. "Acha nafasi ya mshono," alisema. "Kitambaa ukikikata hadi kwenye mstari, utakiunga na nini?" Kwa hiyo mtoto kabla hajapuliza mishumaa kamera ilikuwa inamtazama, na baada ya kupuliza iliendelea kumtazama, na katika nafasi hizo mbili ndimo Mama Pindo alimosemea yake. Toa kidole puani. Mwenye viatu hivi amevaa cha kushoto kulia. Mzee, unanizibia mwanga, kwani wewe ni kabati?

Miaka miwili ya mwisho mkono wake ulianza kutetemeka. Cherehani akaiacha. Kamera hakuiacha.

* * *

Jumatatu Kufuli hakufungua kibanda. Alivaa viatu vya ngozi akaenda studio.

Ilikuwa ghorofani, juu ya saluni, ngazi nyembamba inayonuka nywele zilizoungua. Mwenyewe aliitwa Dairekta na mji mzima, ingawa hakuna aliyewahi kuona filamu aliyoiongoza. Mtu wa miaka kama thelathini na mitano, paji la uso limeanza kupanda utosini, hedifoni shingoni kama daktari.

"Shikamoo, mzee wangu. Karibu."

"Marahaba. Nimekuja kuchukua kanda zangu."

"Za marehemu mama? Pole sana, mzee. Filamu imewapendeza?"

"Haikunipendeza."

Dairekta alitabasamu kama mtu aliyesikia vibaya. "Mzee, nilikaa nayo siku nne. Malighafi ilikuwa ngumu. Kila kipande kina mwanzo mrefu na mwisho mrefu, hakuna kinachotokea, nimevikata vyote. Na kanda tatu za mwisho zilikuwa na mtikisiko wa kuumiza macho. Nikautuliza."

"Ulituliza nini?"

"Mtikisiko. Programu inafanya yenyewe, unabonyeza tu."

"Ulikuwa mkono wa mke wangu," alisema Kufuli. "Madaktari wawili walishindwa kuutuliza. Na wewe umeutuliza kwa kubonyeza."

Dairekta akavua hedifoni, akaziweka mezani.

"Rudisha kama ulivyokuwa."

"Mzee, nikimaliza kazi ya mtu nafuta vipande vyote kwenye kompyuta. La sivyo inajaa. Kilichobaki ni ile filamu."

"Na kanda."

"Na kanda," Dairekta alikubali, macho yakamkimbilia mlangoni.

Mlango ulikuwa wazi, umezuiliwa na boksi la viatu usigongwe na upepo. Kufuli aliinama, akalifungua. Zilikuwa mle, zimefunikwa vumbi la ngazini, kila moja na karatasi ya mwandiko wa Mama Pindo, herufi kubwa zilizoinama kama watu wanaopanda mlima. Alizihesabu kwa kidole. Kumi.

"Ya kumi na moja iko wapi?"

Dairekta alitafuta kwenye droo, kwenye rafu, chini ya nyaya. Akaikuta ndani ya kamera kuukuu aliyoitumia kuchezea kanda za namna ile. "Hii hapa. Nilijua haijapotea." Akaunganisha waya kwenye kioo, akabonyeza.

Kwenye kioo ikaja sakafu. Sakafu ya chumba kile kile walimosimama, na jozi ya viatu vyeupe vya raba. Sauti ya kiume ikasema, "Jaribu, jaribu. Moja, mbili. Inarekodi hii?" Viatu vikaenda hadi dirishani vikarudi. "Moja, mbili."

Kufuli alitazama kioo. Kisha akatazama miguu ya Dairekta. Viatu ni vile vile.

"Mzee," Dairekta alisema taratibu, "mashine ilikuwa inakwama siku ile. Nilitaka kujua kama bado inarekodi. Nilidhani nimeweka kanda yangu. Ilikuwa kabla sijaiingiza hii kwenye kompyuta."

"Muda gani?"

"Dakika nne. Haizidi nne."

"Kwa hiyo umekanyaga juu ya mke wangu dakika nne. Na hukuniambia."

"Niliona ni mwanzo wa kanda. Kwa kawaida mwanzoni huwa hakuna kitu."

"Kwa kawaida ya nani?"

Dairekta alibanwa ukutani na swali lile, na mtu akibanwa hushika chochote kilicho karibu. Aliitoa kanda, akaigeuza ubavu. "Lakini mzee, na sisi tusemezane ukweli. Kanda ina kufuli lake hapa. Ingekuwa imefungwa, mashine ingekataa kurekodi. Ingenipigia hata kengele. Hii iliachwa wazi. Mtu anayethamini kanda yake anaifunga."

Kufuli aliipokea. Kijiti kilikuwa upande wa wazi. Akachukua ya pili kwenye boksi. Wazi. Ya tatu. Zote.

Alikuwa amefunga maduka ya watu, masefu ya watu, milango ya wajane na ya wenye mali. Watu walilala usingizi kwa sababu ya mikono yake. Na kazi hii moja aliyopewa na mkewe, mbele ya muuzaji mwenye tai, aliidharau kwa kuwa ilikuwa ya plastiki. Ile hasira iliyopanda naye ngazi ikageuka, ikamtazama usoni.

"Lete kiti," alisema.

Akaketi. Akaliweka boksi mapajani. Akazichukua moja moja, akasukuma vijiti kwa ukucha wa kidole gumba. Tik. Tik. Dairekta alisimama, hajui aweke wapi mikono. Tik. Ilipofika ya kumi na moja Kufuli aliifunga, akaisikiliza, akampa.

"Sasa icheze. Ruka viatu vyako."

Kioo kikafanya michirizi, kisha kikatulia, ila hakikutulia kabisa, kwa sababu mkono ulikuwa unatetemeka. Kibaraza cha nyumbani. Kufuli kwenye kigoda, kitasa kilichofunguliwa mapajani, tupa mkononi. Tupa ikikwaruza chuma. Na nyuma ya kamera, karibu kama mtu aliyeketi bega kwa bega nawe, sauti.

"... basi ndiyo hivyo. Mimi nimeshasema yangu yote. Sasa zamu yako. Sema kitu, Mzee."

Tupa ikakwaruza.

"Neno moja tu. Watoto watakuja kutazama waone bubu na tupa."

Akacheka, kicheko kilichokatwa na pumzi. Kufuli wa kwenye kioo akasimamisha tupa. Akanyanyua macho, akatazama kamera. Akafungua kinywa. Akakifunga. Pakawa kimya. Pumzi ya Mama Pindo tu ilisikika, na mahali fulani mbali redio ya mtu. Picha ilitetemeka. Hakuizima. Alingoja. Kisha akasema bila kinyongo, "Haya. Siku nyingine." Kioo kikawa cheusi.

"Hapo ndipo nilipokata, mzee," Dairekta alisema kwa sauti ya chini. "Sekunde arobaini, hakuna kitu."

"Kuna kitu."

"Kipi?"

"Kuna mtu anangojwa."

Dairekta akairudisha kanda nyuma kidogo. Baadaye akauliza, "Na huko mwanzo, kabla ya 'ndiyo hivyo', alisema nini?"

Kufuli alikuwapo. Alikuwa hatua mbili kutoka kwake. Alijaribu kukumbuka, akaikumbuka tupa, akakumbuka kitasa kilikuwa cha nani na kilikuwa na kasoro gani. Maneno hakuyakumbuka hata moja.

* * *

Walikaa pale asubuhi tatu mfululizo, wakiingiza kanda zote upya kwenye kompyuta. Kazi haikuwa ya malipo. Dairekta hakuyataja, na Kufuli asingetoa.

"Toa kinanda."

"Nimetoa."

"Toa mioyo. Toa kurasa."

"Mzee, nikitoa vile, picha zitarukaruka. Kutoka harusini hadi kwenye paa, mtazamaji atashtuka."

"Aliacha nafasi ya mshono. Shona hapo."

Dairekta alikuna paji la uso. Akarudisha ile miisho mirefu aliyokuwa ameitupa. Harusi ikaisha, kamera ikaendelea kumtazama bibi harusi, na sauti ikasema, "Haya, ameolewa, sasa twendeni tukatengeneze lile paa kabla mvua haijatuoa sisi." Dairekta akaiacha sauti imalizike huku picha ya paa imeshaingia. Akairudia. Akaitazama tena.

"Kama ulimi wa kitasa," Kufuli alisema. "Unatoka mlangoni, unaingia kwenye fremu. Ndipo mlango unashika."

"Kila kipande amekiachia namna ya kuungana na kingine," Dairekta alisema. "Mzee, mama alisomea wapi kazi hii?"

"Suruali za watu."

Siku ya tatu walifika kanda ya mwisho. Dairekta akaweka alama mahali pa kukata dakika nne za viatu.

"Usikate," alisema Kufuli.

"Mzee, hivi ni viatu vyangu. Ni uchafu."

"Viache."

"Watu watacheka."

"Wacheke. Waone kilichokula maneno yake. Wewe ulirekodi, mimi niliacha wazi. Ukivitoa hivyo viatu itakuwa kama hakukupotea kitu."

Dairekta alitaka kubishana, akamtazama mzee usoni, akaondoa alama.

* * *

Jumapili iliyofuata Kufuli aliwaita mwenyewe, jambo lililowatisha kuliko ugonjwa. Wakakaa vile vile. Binti mkubwa alishika rimoti, midomo kaikaza.

Hapakuwa na mawingu. Sauti ilianza kabla ya picha. "Hii imewaka au inanidanganya? Mzee, kuna taa nyekundu, maana yake nini?" Wajukuu wakapasuka kicheko. Shemeji akajifunika uso kwa viganja, akabaki hivyo muda mrefu. Ilikuwa filamu ya saa moja na nusu. Ilizidi kutetemeka kadiri ilivyokwenda. Mama Pindo alisuta, alisifu, aliimba vibaya, alimwambia mtoto atoe kidole puani, na yule mtoto, ambaye sasa ni kijana mwenye ndevu za kwanza, akainamisha kichwa kwa aibu na raha. Binti mkubwa alisikia mama yake akiinong'onezea kamera, "Huyu wangu wa mahakama anajifanya mkali, lakini tazameni anavyomfunga mtoto kamba za viatu." Rimoti ikamlegea mkononi.

Kisha vikaja viatu vyeupe.

"Moja, mbili," ilisema sauti ya kiume. "Jaribu."

"Hii nini, baba?" binti aliuliza. "Amesahau kukata?"

"Hajasahau. Hayo ni maneno ya mama yako. Yako chini ya hivyo viatu."

Akawaeleza. Kijiti, ukucha, muuzaji mwenye tai. Hakujisitiri popote. Alitumia maneno mengi kuliko waliyowahi kuyasikia kutoka kwake kwa siku moja, na hakuna aliyethubutu kumkatiza, huku viatu vikienda dirishani na kurudi.

"Mganga hajigangi," shemeji alisema mwishowe, lakini bila meno.

"Na alisema nini?" binti aliuliza. Alikuwa amemgeukia baba yake mwili mzima. "Ulikuwa naye, baba. Hapo alisema nini?"

"Sijui."

"Hukumbuki?"

"Sikusikiliza. Nilikuwa napiga tupa."

Uso wa binti ukabadilika. Kufuli aliijua hasira ile, ilikuwa yake mwenyewe, imehamia nyumba nyingine. "Jumapili iliyopita ulituambia tumemzika mara ya pili," alisema binti. "Mbele ya watu. Kumbe mtu alikuwa anakueleza yaliyo moyoni na wewe unasikiliza kitasa."

"Ndiyo."

"Ndiyo tu?"

"Umesema kweli. Nikuongezee nini?"

Viatu vikatoweka. Kibaraza kikaja, na tupa ikikwaruza. "... basi ndiyo hivyo. Mimi nimeshasema yangu yote. Sasa zamu yako. Sema kitu, Mzee."

Kwenye kioo mzee akasimamisha tupa, akafungua kinywa, akakifunga. Pumzi. Redio ya mtu, mbali. Mjukuu mdogo kuliko wote aligeuka pale sakafuni, akamtazama babu yake kitini, akatazama kioo, akamtazama tena babu. Mkono wa binti ulisogea kwenye rimoti kwa mazoea, ukasimama.

"Haya. Siku nyingine."

Kioo kikawa cheusi. Hakuna aliyepiga makofi.

"Rudisha," alisema Kufuli.

"Wapi, baba?"

"Hapo anaponingoja."

Binti akarudisha. Tupa ikakwaruza, ikasimama. Sekunde arobaini zikaanza upya, na safari hii Kufuli hakungoja ziishe; alifungua kinywa, akamjibu.